Mfaransa wa Momella aliyefika bila Kiingereza

Mwishoni mwa mwaka 1960, kundi la watu wa sinema kutoka Hollywood lilitua Jimbo la Kaskazini la Tanganyika likiwa na kamera, magari ya kukimbizia wanyama na John Wayne. Alikuwemo pia binti wa miaka 22 kutoka Lyon, Ufaransa, aliyepewa sehemu kubwa kwenye filamu ya Kiingereza ilhali Kiingereza chenyewe hakukijua. Jina lake Michèle Girardon. Jarida la LIFE, lilipoandika habari zake Julai 1961, lilieleza kwamba alikuwa akijifundisha lugha hiyo palepale kazini, huku picha zikipigwa.

Filamu ni Hatari!, iliyoongozwa na Howard Hawks na kutolewa na kampuni ya Paramount mwaka 1962. Inapotajwa Arusha, watu humkumbuka Wayne akiwa amefungwa mkanda kwenye kiti mbele ya gari, akimsubiri kifaru kwa fimbo yenye kitanzi. Wengine wanakumbuka muziki wa Henry Mancini wa ndovu wachanga, ambao hata asiyewahi kuiona filamu anaweza kuupiga mluzi. Girardon hutajwa mwisho, kama anatajwa. Ni haki kumtazama kwa mara ya pili, kwa sababu kazi aliyoifanya kabla na baada ya Tanganyika inaonyesha kipaji cha namna yake: katika filamu zake zilizobaki midomoni mwa wapenzi wa sinema, karibu zote, alipewa maneno machache, na bado mtazamaji hatoki bila kumkumbuka.

Msomaji wa Mbulu au Hanang ana sababu ya ziada ya kuiangalia filamu hiyo. Wakati inapigwa, Hanang, Babati na Karatu zote zilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu. Barabara kutoka Arusha kwenda Kreta ya Ngorongoro, ambako Hawks alipiga matukio ya vifaru, ilipita Mto wa Mbu, ikapanda ukuta wa Bonde la Ufa na kukatiza Karatu. Ziwa Manyara, ambalo hifadhi yake ilitangazwa mwaka huohuo wa 1960, liko chini ya nyanda za juu za Mbulu, na ukuta ule unaoonekana nyuma ya wanyama ndio ukingo ambao wenyeji wameuzoea tangu utotoni. Mkoa wa Manyara haukuwepo. Ulizaliwa mwaka 2002.

Tena Mbulu yenyewe ilikuwa imetoka tu kutoa mchezo wake wa kusisimua. Katika uchaguzi wa Agosti 1960, TANU ilichukua viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichoiponyoka kilikuwa cha Mbulu, ambako Herman Elias Sarwatt, aliyesimama kama mgombea binafsi, alimshinda mgombea rasmi wa chama, Chifu Amri Dodo wa Wagorowa. Miezi michache baadaye wageni wa Hollywood wakafika na hadithi yao ya Tanganyika, ambayo ndani yake hakuna chama, hakuna uchaguzi, wala dalili kwamba nchi ile ilikuwa imebakiza mwaka mmoja ipate Uhuru. Nje ya fremu historia ilikuwa inakwenda mbio. Ndani ya fremu, twiga.

Girardon alizaliwa Lyon tarehe 9 Agosti 1938. Jina lake humletea mkanganyiko mpaka leo, kwani kizazi kilekile cha waigizaji wa Ufaransa kilikuwa na Annie Girardot, mzaliwa wa Paris, aliyekuwa nyota mkubwa zaidi na aliyeishi hadi 2011. Girardot ndiye aliyeshinda tuzo za César na kufanya kazi kwa zaidi ya nusu karne. Girardon alipata kama miaka kumi na mitano tu ya kazi, na sehemu nzuri ya miaka hiyo ni ile ya kwanza.

Alianza pakubwa mno. Akiwa na miaka 17 alichukuliwa na Luis Buñuel, Mhispania aliyekuwa akiishi uhamishoni Mexico, kwa ajili ya La Mort en ce jardin, filamu ya rangi ya mwaka 1956 iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Ufaransa na Mexico. Waliomzunguka walikuwa majabali: Simone Signoret, ambaye miaka minne baadaye angepokea Oscar, Charles Vanel, mzee aliyeng'ara kwenye Le Salaire de la peur, na Michel Piccoli, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anapanda. Hadithi inaanzia kwenye mji wa wachimba almasi huko Amerika ya Kusini. Serikali inawanyang'anya machimbo, ghasia zinazuka, na watu wachache wasiopatana wanakimbilia msituni kwa mashua: mtu wa vituko asiye na kwao, kahaba, padri, mchimbaji mzee na binti yake.

Binti huyo, Maria, ndiye Girardon. Ni bubu na kiziwi.

Kwa mwigizaji anayeanza, sehemu kama hiyo ni mtego. Kutosema si kazi ngumu. Kazi ni kutosikia. Risasi inapolia, wenzake wote wanageuka, yeye hapaswi kugeuka mpaka aone nyuso zao. Mtu anapomwita kwa nyuma, mabega yake yasishtuke. Girardon aliimudu nidhamu hiyo akiwa hajafikisha miaka 18, mbele ya Signoret, mwanamke aliyekuwa na uwezo wa kuiteka picha kwa kuwasha sigara tu. Kuna mahali msituni ambapo nywele ndefu za Maria zinanasa kwenye mimea na miiba. Hawezi kuita. Anachoweza kufanya ni kuvuta, kusimama na kuvuta tena, na Buñuel, aliyependa kuwatazama watu wakinaswa, hana haraka ya kumtoa. Baadaye wanakuta mabaki ya ndege iliyoanguka, imejaa vyakula, nguo za kifahari na vito, na mchimbaji mzee anaanza kupoteza akili. Wengi hawamalizi safari. Wanaofika kwenye maji na kupanda mashua ni wawili, na mmoja wao ni yule binti asiyesikia.

Mwaka 1958 alionekana kidogo kwenye Les Amants ya Louis Malle, akiwa katibu muhtasi, katika filamu ambayo ni mali ya Jeanne Moreau tangu dakika ya kwanza. Hiyo ipite. Cha maana zaidi ni kiangazi cha 1959, alipofanya kazi na Éric Rohmer kwenye Le Signe du lion, habari za Mmarekani mmoja anayeishi Paris kwa kukopa, anayesikia amerithi mali, anafanya sherehe usiku kucha, kisha anagundua urithi umekwenda kwa mwingine. Marafiki wako likizo, mji mtupu wa Agosti unamwacha alale kwenye kingo za mto. Girardon ni Dominique, mmoja wa wale waliokuwepo wakati wa sherehe. Filamu ilikaa kabatini mpaka 1962, mwaka uleule wa Hatari!, kiasi kwamba mtu wa Paris aliyependa sinema angeweza kumwona binti huyohuyo akipita kwenye mitaa yenye vumbi la kiangazi na kwenye ua wa wanyama wa Momella, chini ya Mlima Meru.

Hawks hakuja Tanganyika na hadithi iliyokamilika. Aliamini kwamba mnyama hafuati maandishi, kwa hiyo akaamua kukamata wanyama kwanza na hadithi ifuate nyuma. Mshauri wake alikuwa Willy de Beer, mkamata wanyama aliyekuwa na makazi yake Arusha. Waigizaji walipanda magari wenyewe kukimbiza vifaru, nyati, pundamilia na twiga kwenye mbuga, na ndiyo sababu nusu ya filamu ina mtikisiko ambao kompyuta za leo zinahangaika kuuiga. Mpigapicha mkuu, Russell Harlan, aliteuliwa kuwania Oscar. Katikati ya mbio hizo mwandishi Leigh Brackett alilazimika kupachika mapenzi, utani na ulevi wa jioni ili kujaza dakika 157.

Sasa mweke hapo mtu anayejifunza lugha. Mazungumzo mengi yalibadilishwa papo kwa papo, mambo ambayo Wayne na mwigizaji mwenzake Red Buttons waliyafurahia kwa sababu Kiingereza ni chao. Mzaliwa wa Lyon aliyekariri mistari yake usiku, asubuhi anaikuta imegeuzwa. Mfaransa mwenziwe, Gérard Blain, nyota wa Le Beau Serge ya Claude Chabrol, alikuwepo; Hardy Krüger alikuwa Mjerumani, na Elsa Martinelli Mwitaliano. Kambi nzima ilikuwa ya lafudhi. Hata hivyo Girardon ndiye aliyeanza kutoka chini kabisa.

Mtu aliyekulia Dongobesh, Haydom au Katesh hahitaji kuelezwa hali hiyo. Huku watoto wengi wamelala na Kiiraqw au Kidatooga nyumbani, wakaamka na Kiswahili shuleni, kisha sekondari wakakutana na Kiingereza, na bado walitakiwa kujibu maswali ya historia bila kugugumia. Bonde la Yaeda limeongeza Kihadza, na pembezoni wako Wanyisanzu na Wambugwe. Watu wa eneo hili wana sikio la kugundua mzungumzaji anayepima kila neno kabla ya kulitoa. Msikilize Brandy, mhusika wa Girardon katika Hatari!, kwa sikio hilo: sentensi fupi, pumzi kabla ya kitenzi, macho yanayomtazama mwenzake mpaka amalize. Mwigizaji mvivu angejificha nyuma ya tabasamu. Yeye aligeuza tahadhari ile kuwa tabia ya mhusika, msichana mtulivu katika nyumba ya wanaume wapayukaji.

Na Brandy ni nani? Huyu ndiye mmiliki. Marehemu baba yake aliuawa na kifaru, na kampuni ya kukamata wanyama ya Momella ni ya binti, ingawa anayetoa amri ni Sean, yaani Wayne. Amekulia mbele ya macho ya watu hawa, na ghafla wanashtuka kuona mtoto amekuwa mwanamke. Kurt na Chips, walioigizwa na Krüger na Blain, wanaanza kumgombania. Anayemshinda kila mtu ni Pockets, dereva mfupi mwoga wa wanyama, aliyeigizwa na Red Buttons mwenye zaidi ya miaka arobaini. Pockets anaanguka kutoka kwenye uzio, Brandy anamkimbilia kwa hofu kuliko ajali inavyostahili, na siri yake inafichuka. Girardon anaicheza fedheha hiyo vizuri: anakuja mbio, anapiga magoti, anajua kwamba wote wamemwona, na haondoki.

Hapo ndipo filamu inapomdhulumu. Kampuni ni yake, lakini hatumsikii hata mara moja akipinga bei, akiamua safari au akimfukuza mtu kazi. Hollywood ya 1962 ilimpa hati ya mali na ikamnyima kauli. Ukilitazama jambo hilo kutoka Hanang linachekesha. Katika miaka ya 1950, mwanaanthropolojia wa Kimarekani George Klima aliishi na Wabarabaig wa huko na kuandika juu ya baraza lao la wanawake, girgwageda gademga, lenye uwezo wa kumshitaki mwanamume aliyewakosea wanawake na kumtoza faini ya dume la ng'ombe. Binti wa Kibarabaig, akiolewa, alikwenda na ng'ombe kutoka kwa baba yake, na mume hakuweza kuwachezea atakavyo. Wanawake wa namna hiyo walikuwa mwendo wa siku chache tu kwa mguu kutoka kwenye kamera za Hawks. Kama Brandy angekuwa na baraza lile nyuma yake, Sean angekuwa ameshalipa dume kadhaa kabla ya nusu ya kwanza kwisha.

Waafrika kwenye filamu wanaendesha, wanabeba, wanapika na kushika kamba. Wengi hawana hata sentensi moja. Kuna sherehe ya Waarusha wanaompa Martinelli jina la Mama Tembo, na humo ndimo filamu inapowakaribia wenyeji kuliko mahali pengine. Ajabu ni kwamba watazamaji wa leo kaskazini mwa Tanzania huiangalia kwa hamu hiyohiyo ya kuwatafuta wasio na majina: uso wa babu, kona ya duka, Arusha yenye magari ya kuhesabu wakati watoto wa tembo wanapokimbia mitaani. Filamu ya burudani imegeuka kumbukumbu ya mji bila kukusudia.

Katika vibanda umiza, ambako Watanzania wengi walionjeshwa filamu za nje, kuna sheria moja: steringi hafi. Sheria hiyo inawapa watazamaji haki ya kumpuuza kila mtu mwingine. Watafsiri wa filamu waliibadilisha kidogo. Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, alijipatia umaarufu kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe, akimpa kila mhusika maneno, hata yule ambaye kwenye filamu hakusema kitu. Msanii wa aina ya Girardon anafaidika na msimuliaji kama huyo, kwa kuwa uso wake unaacha nafasi. Wayne hakuachi uongeze neno. Girardon anakuachia ukurasa mzima.

Aliporudi Ufaransa, Rohmer alimwita tena, na hapo ukaja ushahidi bora wa alichoweza kufanya kwa dakika chache. La Boulangère de Monceau, iliyotoka 1963, ni filamu fupi ya dakika 23, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kwa mkanda mwembamba wa milimita 16 na fedha za kuungaunga. Ndiyo ya kwanza katika mfululizo wa hadithi sita za maadili uliompa Rohmer jina duniani. Mwanafunzi mmoja, aliyeigizwa na Barbet Schroeder, kila siku anapishana mtaani na msichana mrefu, Sylvie. Siku moja wanagongana, wanazungumza kidogo, kisha Sylvie anapotea. Mwanafunzi anazunguka mitaa ileile akimtafuta, ananunua biskuti kwenye duka la mikate, na polepole anaanza kumchezea akili binti muuzaji.

Sylvie ni Girardon, na kwa sehemu kubwa ya filamu hayupo. Anaonekana mwanzoni akitembea, akigeuza kichwa, akicheka kidogo, na kutokana na hicho mtazamaji lazima aamini kwamba kijana ana haki ya kuhangaika kumtafuta. Anapotokea tena, ana bandeji mguuni. Alitegua kifundo, akabaki chumbani kwake mkabala na duka la mikate, na muda wote huo alikuwa dirishani akimwona kijana akiingia kununua biskuti. Anadhani alikuwa akimfuata yeye. Kijana hamsahihishi, muuzaji wa mikate anaachwa kwenye miadi, na mwisho wa yote Sylvie ndiye anayeolewa. Girardon analisema jambo la dirishani kwa wepesi wa mtu anayejua zaidi ya anachotaja. Ukiirudia filamu mara ya pili, unaanza kujiuliza kama kweli anadhani hivyo.

Hata hapo sauti haikuwa jambo rahisi. Rohmer hakuwa na uwezo wa kurekodi sauti wakati wa kupiga picha, kwa hiyo maneno yaliingizwa baadaye, na masimulizi ya mwanafunzi yalisomwa na Bertrand Tavernier, kijana wa Lyon kama Girardon mwenyewe, ambaye baadaye angekuwa mwongozaji mkubwa. Bubu wa msitu wa Mexico, mwanagenzi wa Kiingereza wa Momella, msichana wa dirishani Paris: kila mara mtu mwingine alikuwa na sauti, na yeye alibaki na uso, hatua na muda.

Miaka ya baadaye haikumpa tena mwongozaji wa kiwango cha Buñuel, Hawks au Rohmer. Aliendelea kuigiza mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, sehemu zikipungua. Alifariki tarehe 25 Machi 1975 mjini Lyon kwa dawa za usingizi, akiwa na umri wa miaka 36. Mwenzake wa Hatari!, Hardy Krüger, aliyependa nchi hii kiasi cha kununua shamba la Momella na kuishi hapo miaka kumi na mitatu, alifariki Januari 2022 akiwa na miaka 93, na magazeti ya nchi nyingi yalimwandika pamoja na Mlima Meru wake. Aliyekuwa mmiliki wa Momella kwenye hadithi hakuacha hata kibao cha barabarani.

Anayetaka kumfahamu asianze na Hatari! Aanze na ile fupi ya Rohmer, dakika 23 tu. Kisha La Mort en ce jardin, akimtazama Maria kila mara risasi inapolia nyuma yake. Baada ya hapo ndipo apande na John Wayne, akikubali kwamba saa mbili na nusu zile zitakwenda zaidi kwa vifaru, na akiwa na watoto sebuleni awaambie mapema kwamba mzee mwenye kofia ndiye steringi, lakini kampuni ni ya yule dada.